CCM, CHADEMA au ACT: wanatofautiana kweli au ni wale wale? Ulinganisho kwa sisi wa Moshi na Arusha

Juzi binti wa dada yangu alikuja pale soko la Memorial ninapouzia viatu, akakaa juu ya balo, akaniuliza, "Mamdogo, hivi CCM na CHADEMA wanatofautiana nini hasa, maana wote nawasikia barabara, maji, ajira kwa vijana?" Ana miaka 19, uchaguzi wa 2025 ulimpita alikuwa hajajiandikisha, na sasa rafiki zake wawili wanamvuta kila mmoja upande wake achukue kadi. Nikamwambia mwanangu nipe wiki moja, hilo swali halijibiwi huku natafutia mteja namba 42.

Usiku nikakumbuka kopo la babu. Babu yetu wa Vunjo ana kopo la biskuti la bati juu ya kabati, ndani kuna risiti za kahawa za chama cha msingi na kadi nne za vyama: TANU, CCM, NCCR-Mageuzi na TLP. Zote zina jina lake, ya TANU imeliwa kona na mende. Alikuwa anamfuata Mrema. Augustino Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, 1995 akatoka CCM akagombea urais kwa NCCR akapata asilimia 27.8 dhidi ya 61.8 za Mkapa wa CCM, baadae akahamia TLP, na Vunjo wakamrudisha bungeni 2010. Nilishawahi kumuuliza babu, meku (yaani mzee, kwa Kichagga), mbona umehamahama hivi? Akasema, "Mimi sijahama. Nilipanda gari la mtu ninayemwamini, rangi ya gari sikuiangalia."

Mi naona babu yuko sahihi kwenye baadhi ya mambo, na kwenye mengine rangi ya gari ndo inayoamua unafika wapi. Kazi ni kujua kipi ni kipi. Ndo maana nimekaa nikaandika hii, kwa ajili ya binti na kwa wengine mliokwama hapo hapo.

Vigezo nilivyotumia

Vyama vilivyosajiliwa ni vingi ila nimechukua vitatu ambavyo watu huku wananiuliza: CCM kinachotawala, na CHADEMA na ACT-Wazalendo vya upinzani. Vyote nimevipima kwa mambo yale yale: wanataka nchi iendeshweje, pesa na ardhi, watu wao wanatoka wapi, wanapataje viongozi wao wenyewe, wanauchukuliaje uchaguzi, na huku mtaani unapata nini. Nyimbo, fulana na ukubwa wa mkutano sijaviweka, maana Moshi tunajua kujaza uwanja kwa yeyote.

Wanataka nchi iendeshweje

Hapa ndo tofauti ni kubwa kuliko kote na ndo watu hawapaangalii. Tume ya Jaji Warioba ilitoa rasimu ya katiba 2013 ikapendekeza serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Bunge Maalum lilipokaa 2014 CCM wakasimama na serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar kama zilivyo sasa, wapinzani wakaungana wakajiita UKAWA wakatoka nje mwezi Aprili, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba wao hawamo. Kura ya maoni ilikuwa iwe Aprili 2015 ikaahirishwa na mpaka leo haijapigwa.

CCM msimamo wao ni serikali mbili na mamlaka yenye nguvu katikati. Hoja yao sio ya kubeza, nchi ina makabila zaidi ya 120 na imeshikamana, wanaogopa ukianza kugawa madaraka kwa maeneo utaamsha ukabila na mikoa yenye neema itaiacha mingine. CHADEMA wanataka serikali tatu na kwa miaka mingi wamenadi sera ya majimbo, yaani maeneo yajiamulie mambo yao na kubaki na sehemu ya mapato yao. ACT wako na hoja ya Zanzibar yenye mamlaka kamili ndani ya Muungano, na huko visiwani ndo nguvu yao kubwa ilipo.

Sasa ukiuliza hilo linanihusu nini mimi wa Ngarenaro Arusha au wa Pasua Moshi, angalia 2015. CHADEMA walichukua halmashauri ya Jiji la Arusha na ya Manispaa ya Moshi, meya wao, madiwani wengi wao. Lakini mkurugenzi anayeshika kalamu ya malipo anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, mkuu wa mkoa vile vile. Kwa hiyo ulikuwa na baraza la chama kimoja na watendaji walioteuliwa na serikali ya chama kingine, wanavutana miaka mitano, na we mwananchi unaona "hakuna kilichobadilika, wote wale wale". Kilichokuwa hakijabadilika ni mfumo, na mfumo ndo kitu hivi vyama vinabishania. Kama we unaona mji wetu wa utalii na kahawa unapaswa kuamua zaidi hapa hapa, basi huo ni mstari wa CHADEMA. Kama unaona nchi kuwa moja ni kitu cha kwanza na mengine yafuate, CCM ndo wanakusemea.

Pesa na ardhi

Kwenye karatasi wametofautiana sana. Azimio la Arusha lilitangazwa Arusha hapa hapa 1967, makumbusho yake yapo mjini ukienda utaona, na katiba ya CCM bado inataja ujamaa na kujitegemea. Ila miiko ya viongozi, ile iliyowakataza mambo ya kibepari, ililegezwa kule Zanzibar 1991 na miaka ya 90 mashirika ya umma yakabinafsishwa, kwa hiyo CCM ya sasa ni chama cha soko chenye lugha ya ujamaa. CHADEMA kilianzishwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyeacha Uwaziri wa Fedha 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya IMF, kisha akaishi Tengeru na shamba lake la kahawa. Chama kilichozaliwa na mtu wa namna hiyo lazima kiegemee biashara na mtu binafsi, na ndivyo kilivyo, wenyewe wanajiita mrengo wa kati. ACT wao walirudi kushoto, Azimio la Tabora la 2015 wamelitoa kwa makusudi lifanane na la Arusha, na miiko ya uongozi wakairudisha.

Vitendo ni hadithi nyingine. Chukua ada. Mwaka 2010 Dk. Slaa, mgombea urais wa CHADEMA, alizunguka nchi nzima akisema elimu bure inawezekana. Wakati huo mzazi wa sekondari ya kutwa analipa 20,000 kwa mwaka, ukiongeza michango ya madawati na mlinzi na mtihani unakuta imeenda mara tatu mara nne, nakumbuka mama yangu anahesabu hela za ndizi juu ya khanga kabla hatujarudi shule. CHADEMA hawakushinda. Lakini 2015 ahadi ile ile ikaingia kwenye ilani ya CCM, Januari 2016 ada mpaka kidato cha nne ikafutwa, na 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Nani apewe sifa? Aliyelisema kwanza au aliyelitekeleza? Mi nasema wote, na mi nalitazama hili kama sababu ya kutaka vyama zaidi ya kimoja hata kama huvipendi vyote, maana wazo linavuka mstari bila kuomba ruhusa.

Ardhi nayo iko hivyo. Sheria za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Wameru wana kumbukumbu ndefu hapo, walifukuzwa Engare Nanyuki 1951 kupisha walowezi, na Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa 1952 kulilia ardhi ya watu wake. Miaka 60 baadae, uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki Aprili 2012, mashamba makubwa na wananchi waliobanana pembeni yake bado ni hoja, na kijana wa CHADEMA Joshua Nassari akamshinda Sioi Sumari wa CCM. Watu walilia kwa furaha Usa River siku ile. Baadae Nassari akahamia CCM na 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya. Hapo ndo kigezo kinachofuata kinaanzia.

Watu wao wanatoka wapi

Hapa jibu ni fupi na linaumiza: wanatoka sehemu moja.

Dk. Slaa aliingia CHADEMA 1995 baada ya kukatwa CCM kule Karatu. Edward Lowassa wa Monduli alikuwa Waziri Mkuu wa CCM, akajiuzulu 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, CHADEMA wakamsema miaka saba majukwaani, Julai 2015 wakampokea na kumpa bendera ya urais. Slaa akajitoa. Lowassa akapata asilimia 39.97, Magufuli wa CCM 58.46, na Machi 2019 akarudi CCM. Sumaye, Waziri Mkuu wa miaka kumi, alienda na kurudi hivyo hivyo. James Ole Millya alikuwa mwenyekiti wa vijana wa CCM mkoa wa Arusha, akaja CHADEMA 2012 enzi za vua gamba vaa gwanda (yaani acha CCM, vaa sare ya CHADEMA), akawa mbunge Simanjiro, akarudi CCM 2018. Godwin Mollel wa Siha na Julius Kalanga wa Monduli walichaguliwa kwa CHADEMA 2015, wakajiuzulu "kuunga mkono juhudi" za Magufuli, wakarudi bungeni kwa viti vile vile wakiwa kijani, rangi ya CCM. Na ACT? Zitto Kabwe katoka CHADEMA, Maalim Seif katoka CUF na kabla ya hapo CCM, Membe aliyegombea urais kwao 2020 na Mpina waliyempitisha 2025 wote walitokea CCM.

Mtu akisoma orodha hiyo anasema basi, wote ni matumbo. Mi sikubali haraka hivyo, maana kuna kitu kinawasukuma. Tanzania hakuna mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama, na mbunge akipoteza uanachama anapoteza na kiti. Mchungaji Mtikila alilipigania hilo mahakamani miaka na miaka, na 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ikasema katazo hilo linavunja haki. Sheria haijabadilika. Kwa hiyo mtu akikatwa kwenye kura za maoni za ndani ya chama huku na bado anakubalika kwao, mlango pekee ni chama kingine, hata kama jana alikitukana. Wengine wana tamaa kweli, wengine wamebanwa, na we mpiga kura huwezi kuwatofautisha kwa kuangalia gwanda, inabidi ujue historia ya mtu mmoja mmoja.

Kwenye kigezo hiki sioni chama cha kumpeleka mtu. Mpende mgombea, ila ujue anaweza asiwe hapo baada ya miaka mitatu.

Wanapataje viongozi wao

Kuna wiki moja ya Januari 2025 ukiielewa umeelewa kila kitu. Tarehe 18 na 19 CCM walikuwa Dodoma kwenye mkutano mkuu maalum, wakampitisha Rais Samia kuwa mgombea wao miezi tisa kabla, bila mshindani. Tarehe 21 CHADEMA wakaingia Mlimani City Dar, wakapiga kura, watu wakakesha na redio na simu mpaka asubuhi ya 22, Tundu Lissu kura 513, Freeman Mbowe wa Hai kura 482. Mwenyekiti aliyekuwepo tangu 2004 akashindwa na akakubali.

Ukiwa mwepesi utasema CHADEMA wameshinda kigezo hiki. Ngoja. Mbowe alikaa zaidi ya miaka 20, wakati CCM mwenyekiti anabadilika na Rais na hakuna aliyezidisha miaka kumi tangu Mwinyi. Na 2015 CCM walichuja watu 38 wakafika watano, watatu, mmoja, ule haukuwa mteremko. Ila uamuzi wa mwisho uko kwa vikao vya juu, unaweza kuongoza kura za maoni kata nzima na jina lisirudi. CHADEMA ushindani ukitokea ni wa kweli lakini unaacha majeraha, baada ya uchaguzi ule kundi kubwa la makada lilihamia chama kingine, CHAUMMA, mwezi Mei. ACT wamefanya kimya kimya kitu ambacho sikioni kikisifiwa: Machi 2024 Zitto alimaliza muda wake, akaachia, Dorothy Semu akashika uongozi wa chama, hakuna aliyepasuka kichwa.

Anayependa utulivu na ngazi zinazoeleweka kuanzia balozi wa shina, CCM itamfaa. Anayetaka sauti yake ibishane na ya mwenyekiti, CHADEMA. Mwanamke kijana anayetaka nafasi bila kusubiri foleni ndefu, aitazame ACT, ingawa huku Kilimanjaro ofisi zao utazitafuta.

Uchaguzi wenyewe

Nimeliweka peke yake maana baada ya 2025 hii imekuwa tofauti ya wazi na mi bado linanitoa machozi. CHADEMA walisema bila mabadiliko ya sheria na tume hakuna uchaguzi, Aprili wakakataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, wakaondolewa kwenye uchaguzi. Mwezi huo huo Lissu akashtakiwa kwa uhaini. CCM na Tume ya Uchaguzi wakasema sheria ni sheria, asiyesaini hashiriki. ACT wakachagua njia ya tatu, kuingia na kupambana wakiwa ndani, lakini mgombea wao wa urais Mpina naye akaenguliwa. Oktoba 29 watu wakapiga kura, wengine wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, intaneti ikazimwa siku kadhaa, na Tume ikamtangaza Rais Samia kwa karibu asilimia 98. Kuna mama alikuwa anachukua viatu vya watoto kwangu kila mwisho wa mwezi, ana kijana wake Arusha, siku zile tano alikuja kila asubuhi kuniuliza kama simu yangu inapata mtandao. Kijana alikuwa mzima, ameshindwa tu kupiga. Sura ya yule mama siisahau.

Kwa hiyo swali hapa ni we unaamini nini: kwamba ukishiriki mchezo usioukubali unauhalalisha, au ukiukacha unamwachia mwenzio uwanja, au kwamba utaratibu uliopo ndo wa kufuata mpaka ubadilishwe kwa utaratibu. Hayo ni majibu matatu tofauti kabisa na kila chama kimebeba moja.

Huku mtaani

Tofauti ni ndogo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa mikopo ya akina mama, vijana na wenye ulemavu ni ya kisheria, diwani wa rangi yoyote anaikuta. Usafi wa Moshi vyama vyote vinajisifia na vyote vimeukuta.

Mfereji wa karibu na tunapoishi ulikuwa unafurika kila masika. Diwani mmoja alikuja na gambuti asubuhi na mapema, akasimama kwenye maji na fundi, akapima kwa kamba, wiki iliyofuata kalivati likaja. Aliyemfuata, chama kingine, hatukumwona. Kabla ya hao wawili kulikuwa na diwani wa chama hicho hicho cha yule asiyeonekana, na yeye alikuwa mchapakazi balaa. Siwataji vyama makusudi, maana ukivijua utaanza kushabikia na mfereji utausahau.

Sasa we uko wapi?

Kama unapiga kura ya mwenyekiti wa mtaa au diwani, fanya kama babu, angalia mtu. Muulize alipokuwa hana cheo alifanya nini mtaani, alilipaje madeni dukani kwa mangi, anapokea simu?

Kama ni mbunge, pima nusu kwa nusu. Mtu anaweza kuwa mzuri lakini akibanwa na chama chake kwenye kura ya bajeti atakaa upande wa chama. Msikilize anasema nini pale chama chake kinapokosea, kama hajawahi kusema kitu basi umeshajua.

Kama ni urais, soma rangi ya gari. Katiba, tume, muungano, nani ateue mkurugenzi wako, hayo hayabebwi na mtu mmoja.

We mkulima wa kahawa wa Kibosho au Uru, usiulize chama kitapandisha bei, bei hawaipangi wao, uliza msimamo wao kuhusu ushirika na nani anaruhusiwa kununua kahawa yako. Waongozaji watalii na wapagazi wa mlimani, ulizeni nani atasimamia ujira wenu ulipwe kama ulivyotangazwa, mpaka sa hivi sijasikia mgombea yeyote akilibeba hilo kwa dhati. Mfanyabiashara unayehitaji utulivu wa miaka mitano usiwe na mshtuko, unajua utaegemea wapi na sikulaumu. Mwenye ndugu aliyeumia Oktoba, sina cha kukwambia kuhusu ilani, we unajua kigezo chako.

Na kama unataka kadi kwa ajili ya ajira au tenda, ujue utaulizwa kadi hiyo siku upepo ukigeuka.

Binti wa dada nimemsomea yote haya jana jioni tukifunga meza. Kasema bado hajaamua. Jumamosi anapanda Vunjo, anataka aone kopo la babu kwanza, na kaniomba nimnunulie meku sukari kilo mbili ampelekee.